Maji Juu ya Gazeti

Hotuba kwa wazazi, wazee na vijana wa familia za Waswahili wa kusini mwa California

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni. Na nyinyi wanangu mliojikusanya kule nyuma karibu na mlango, marahaba, nimewaona, ila sogeeni kidogo maana leo nina maneno yenu pia.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie malezi ugenini. Nilikubali, kisha nikakaa siku tatu na kalamu mkononi, kila nikiandika nafuta. Kuna mtu humu ndani asiyejua kwamba kulea ugenini ni kazi? Tunajua sote. Ndipo nikaamua nije na habari za mtu mmoja tu. Hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mchina, akaishi miaka 106, na karibu yote aliishi hapahapa California. Nyumba aliyofia iko Sunland, upande wa kaskazini wa Los Angeles, mahali ambapo baadhi yenu mnapita kila siku mkienda kazini. Aliitwa Tyrus Wong.

Kama umewahi kuitazama filamu ya katuni ya Bambi, yule mtoto wa paa na mama yake, basi umeshatembea ndani ya kichwa cha mzee huyu. Ule msitu wenye ukungu, miti inayoonekana na kutoonekana, mwanga unaoshuka kama pumzi, asili yake ni brashi yake. Lakini filamu nitaifikia baadaye. Nataka kuanza na baba yake.

Tyrus Wong alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1910 huko Taishan, mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Jina alilopewa na wazazi wake ni Wong Gen Yeo. Taishan ilikuwa nchi ya wasafiri, kama vile Ngazija, kama vile Pemba kwa nyakati fulani: kila nyumba ina mtu wake aliyevuka maji, na kila nyumba inasubiri barua. Walikuwa wakienda Marekani. Shida ni kwamba Marekani ilikuwa imeufunga mlango. Mwaka 1882 Bunge la nchi hii lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na sheria hiyo ikadumu mpaka 1943. Waliobaki na njia ya kupita ni watu wachache: wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, na wale waliokuwa watoto wa raia.

Mwaka 1906 likapita tetemeko la San Francisco, likafuatiwa na moto, na kumbukumbu za serikali za mji zikaungua. Wachina waliokuwa nchini wakaona upenyo. Mtu akisema nimezaliwa hapa, nani atambishia na daftari limekuwa jivu? Na akishakuwa raia, akienda China akirudi anaweza kuandikisha kwamba amepata mtoto wa kiume. Hata kama hakupata. Nafasi ile ya mtoto ambaye hayupo ikawa mali, ikauzwa au ikagawiwa ndugu. Aliyeingia kwa nafasi hiyo aliitwa mtoto wa karatasi.

Nimewaona mnatazamana. Najua. Sisi nasi hilo neno "makaratasi" tunalijua vizuri mno. Tukikutana msibani au harusini, swali la kwanza la chini kwa chini ni hilo: fulani ameshapata makaratasi? Na wapo kati ya ndugu zetu, hasa waliopitia Ulaya, wanaojua maana ya kujilipua, yaani kuomba ukimbizi kwa jina la kubuni, na wanajua inavyokuwa kuitikia jina ambalo mama yako hakukuita. Sikuja kumfichua mtu. Nimelisema ili muelewe kwamba ninapomtaja huyu Mchina, simtaji mtu wa mbali.

Baba yake alikuwa amewahi kuishi Marekani, akijulikana kwenye makaratasi kama mfanyabiashara aitwaye Look Get. Mwaka 1920 alimchukua mwanawe, mtoto wa miaka 10, wakapanda meli. Mtoto akasafiri kwa jina la Look Tai Yow. Nyuma walibaki mama na dada wa yule mtoto. Hakumwona mama yake tena. Nisemeje zaidi ya hapo? Aliishi miaka 96 mingine, akaoa, akazaa, akajukuu, na mama yule hakumwona tena.

Mimi nilimwacha binti yangu Tanga akiwa na miaka minne. Nilimwacha kwa bibi yake nikasema ni mwaka mmoja, ikawa saba. Yupo hapa leo, ameniruhusu niseme. Nilipompokea uwanja wa ndege alinipa mkono kama mgeni, akasema, "Shikamoo." Mimi nilimpata. Kwa hiyo ninapomwaza yule mama wa Taishan, amesimama kwenye mlango wake mwaka 1920, siwezi kumpita haraka kama wanavyompita wanaoandika habari za mwanawe. Watu husema mzee huyu aliipenda familia yake maisha yake yote, na ni kweli tupu. Lakini mtu wa kwanza kulipia mapenzi hayo ni mwanamke ambaye hata jina lake hamtalisikia kwangu.

Meli ilichukua mwezi mzima. Ilifika tarehe 30 Desemba 1920, na Wachina waliokuwamo wakapelekwa Angel Island, kisiwa kilichomo ndani ya ghuba ya San Francisco. Kituo cha uhamiaji kilikuwa pale tangu 1910 na kilifanya kazi mpaka 1940. Baba, kwa kuwa alishawahi kuishi nchini, alipita upesi. Mtoto akazuiwa. Alikaa karibu mwezi, peke yake, na kati ya waliozuiliwa wakati ule mtoto alikuwa yeye tu. Uzeeni alisimulia kwamba alikuwa analia, hana jingine la kufanya.

Nimekwenda pale. Feri inaondoka Tiburon, safari fupi kabisa, maji yametulia, watalii wana baiskeli na vikapu vya chakula. Unapanda kilima, unashuka upande wa pili, unaingia kwenye jengo la mbao la ghorofa mbili. Vitanda vya chuma vimepangwa kimoja juu ya kingine mpaka karibu na dari. Na ukutani kuna maandishi. Waliofungiwa mle walichonga mashairi kwenye mbao kwa visu, herufi kwa herufi, kwa utaratibu wa mashairi ya kale ya Kichina, kama vile mtu wetu angechonga utenzi akichunga vina na mizani akiwa mahabusu. Wakubwa wa kituo waliziba michongo kwa lipu laini na kupaka rangi juu yake. Wakachonga tena. Ikapakwa tena. Ukiinamisha kichwa ukatazama ukuta kwa ubavu, mwanga wa dirishani unazitoa herufi moja moja, kama makovu ya ndui usoni. Jengo lilikuwa libomolewe. Mwaka 1970 mlinzi mmoja wa hifadhi ya kisiwa akapita mle na tochi, akaona ukuta una maneno, akapiga kelele mpaka watu wakasikia. Yamesomwa mashairi zaidi ya 200. Hawaruhusu kugusa. Nilisimama mikono nyuma nikafikiri: mtoto wa miaka 10 alilala kwenye mojawapo ya vyumba hivi akijirudia jina lisilo lake asije akalisahau usingizini.

Maana siku ya kuhojiwa ilikuwa inakuja. Wote waliopita pale walihojiwa, na maswali hayakuwa ya kawaida. Kijijini kwenu nyumba zimepangwa safu ngapi? Kisima kiko upande gani? Mlango wenu una ngazi ngapi? Jirani wa nyumba ya tatu ana watoto wangapi? Majibu yanalinganishwa na ya aliyesema ni ndugu yako, na yakipishana mnarudishwa. Watu walikariri madaftari mazima njiani, kisha wakayatupa baharini kabla ya kushuka. Tarehe 27 Januari 1921 yule mtoto aliingizwa chumbani mbele ya maofisa watatu, mkalimani na karani. Hakukosea hata swali moja.

Baba na mwana walipokutana tena Sacramento, mwalimu wa shule akalibadilisha jina la Tai Yow likawa Tyrus. Hilo likawa jina la tatu, na mtoto bado hajafika miaka kumi na mmoja. Kisha baba akaenda Los Angeles kutafuta kazi, na mtoto akabaki Sacramento peke yake, katika nyumba ya vyumba vya kupanga, anakwenda shule na kurudi. Baada ya miaka kama miwili ndipo akamfuata.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penyewe. Baba alikuwa amepata kazi katika nyumba ya kamari. Walipanga chumba kwenye jengo lenye wadudu na panya, upande mmoja bucha, upande wa pili danguro. Mtoto akitoka shule anakwenda kufanya kazi za ndani kwa watu wa Pasadena, senti 50 kwa siku. Katika hali hiyo, usiku, baba anamkalisha mtoto na kumfundisha mwandiko. Kwa Wachina mwandiko wa brashi ni elimu, ni adabu, ni sanaa, vyote kwa pamoja. Lakini wino ni pesa na karatasi ni pesa. Basi baba akachukua gazeti kuukuu, akachota maji. Mtoto anachovya brashi majini, anaandika juu ya gazeti. Herufi inaonekana, inakauka, inapotea. Anaandika nyingine.

Wiki iliyopita nilijaribu jikoni kwangu. Nilitandaza gazeti mezani, nikaweka bakuli la maji na brashi ya mwanangu ya shule, nikaandika jina la marehemu baba yangu. Maji yakishika karatasi ya gazeti yanaiva rangi ya kijivu iliyokolea, unaona kabisa ulipobonyeza na ulipoinua mkono. Halafu kingo zinaanza kupauka. Ule mkia mwembamba wa herufi unatangulia kwenda, panapofuata ni palipo nono, na mwisho linabaki doa katikati, nalo linaondoka. Hakuna kufuta na hakuna kurekebisha. Ukikosea, kosa linakwenda zake, na ukipatia, nako kunakwenda, kwa hiyo kilichobaki ni mkono wako tu na kile ulichojifunza. Nilielewa pale mezani kwamba yule baba hakuwa na kitu cha kumwachia mwanawe, akamwachia mkono.

Na hakuishia hapo. Mwalimu mmoja wa shule aliona kipaji cha Tyrus, akamtafutia ufadhili wa kusoma majira ya joto katika chuo cha sanaa cha Otis. Ufadhili ulipokwisha, kijana akasema harudi shule ya kawaida, anataka kubaki pale. Nadhani wengi wetu hapa tungesema, mwanangu, sanaa ndiyo nini? Soma uuguzi. Soma kompyuta. Tumevuka maji ili uchore miti? Mimi mwenyewe nimeyasema hayo kwa mdomo wangu huu. Yule baba, mfanyakazi wa nyumba ya kamari, alizunguka kwa Wachina wenzake akichanga, noti kwa noti, mpaka ikapatikana ada, karibu dola 90. Zamani zile hiyo ni fedha nyingi mno. Kijana akasoma, huku akifagia madarasa ya chuo hichohicho, si chini ya miaka mitano. Akahitimu miaka ya 1930. Muda si mrefu baba akafariki.

Kuzaa si kazi, kazi kulea, wahenga walisema, na kwangu mimi huyu ndiye baba wa methali hiyo. Alimfunga mwanawe jina la uongo ili aingie, akamwacha peke yake mara mbili, akamlaza kati ya bucha na danguro. Ukihesabu kwa macho ya mtu wa ustawi wa jamii, huyu ni baba wa kunyang'anywa mtoto. Lakini alikuwapo mezani kila usiku na bakuli la maji. Wazazi wenzangu mnaorudi zamu ya usiku mkilia kimoyomoyo kwamba hamuwapi watoto chochote, naomba mumkumbuke huyu.

Haya. Kijana akabaki na brashi yake. Akachora kwenye miradi ya sanaa ya serikali wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, akafanya kazi kwenye mkahawa wa Wachina, akichora kuta zake na kuhudumia meza zake. Huko akafahamiana na Ruth Kim. Wakaoana mwaka 1937, Mungu akawapa mabinti watatu.

Mwaka 1938 akaajiriwa Disney. Kazi aliyopewa ilikuwa ya chini kabisa: wakubwa wanachora mwanzo na mwisho wa tendo, yeye anajaza michoro ya katikati, mamia kwa mamia, ili kiungo kisogee. Ni kazi ya kuchosha macho na moyo. Akasikia kwamba studio inahangaika na hadithi ya paa. Walikuwa wanachora msitu jani kwa jani, kila gome la mti lina mistari yake, na wanyama wanapotea humo ndani huwaoni. Akarudi nyumbani, akachora vipicha vyake kwa namna ya michoro ya mandhari ya enzi za Song, ile ya miaka elfu moja iliyopita, ambayo mchoraji anaacha ukungu ufanye kazi: mlima nusu, mti nusu, na katikati kiumbe mmoja mdogo. Walipoviona wakabadilisha filamu nzima ifuate macho yake. Watu wazima wanaelewa kilichotokea pale. Mtoto aliyezoea kutazama herufi zikipotea juu ya gazeti ndiye aliyejua namna ya kuchora msitu ambao nusu yake haipo.

Filamu ilitoka 1942. Yeye hakuwapo kazini. Mwaka 1941 wafanyakazi wa studio waligoma, na ingawa hakuwa miongoni mwa waliogoma, mgomo ulipokwisha naye aliachishwa. Kwenye orodha ya majina ya filamu ile aliwekwa tu kati ya wachoraji wa mandhari ya nyuma, wengi wakiwa mbele yake. Miaka ikapita watoto wa dunia nzima wakilia kwa ajili ya mama paa, bila mtu kumtaja aliyeufikiria msitu ule.

Angeweza kuichukua dhuluma ile akaileta nyumbani, akaimwaga mezani kila jioni. Tunawajua wanaume wa namna hiyo, wengine tumeolewa nao, na wengine ni baba zetu. Alitafuta kazi nyingine. Akaingia Warner Bros., akakaa miaka 26, mpaka 1968, akichora jinsi matukio ya filamu yatakavyoonekana kabla kamera haijawashwa. Akachora kadi za Krismasi pia, na moja yao iliuza nakala zaidi ya milioni. Uraia aliupata 1946, sheria ile mbaya ilipokwisha kuondolewa. Kununua nyumba kulikuwa vita vingine, maana wapo waliokataa kumuuzia Mchina, lakini hatimaye akapata Sunland, na mabinti wakakulia hapo.

Alipostaafu akaanza kutengeneza tiara. Nilicheka kwa furaha nilipolisoma hilo, nikakumbuka ufukwe wa Raskazone, kaka zangu na tiara zao za gazeti na chelewa, gundi ni uji wa unga wa ngano, mkia ni kitambaa cha kanga ya mama iliyokwisha. Zake zilikuwa kubwa na za ajabu: mbayuwayu, vipepeo, samaki, na tandu mwenye urefu unaofika futi 100, kila pingili duara lake, mianzi imechongwa kwa mkono, ikipanda angani inapinda na kujinyoosha kama yu hai. Kila Jumamosi ya nne ya mwezi alikuwa akizipeleka ufukweni Santa Monica. Watoto wa watu wasiomjua walikuwa wakikimbia chini yake.

Halafu Ruth akaugua. Ugonjwa wa kusahau.

Hapa mnanijua, ndiyo kazi yangu. Mwaka wa kumi na mbili sasa natunza wazee usiku, na wengi wao wana ugonjwa huo. Nimeshikwa mkono nikaitwa kwa majina ya dada zao waliokufa. Nimefukuzwa chumbani saa tisa usiku kama mwizi na mtu niliyemlisha saa moja. Najua kumvalisha mtu mzima soksi huku anakupiga, najua kujibu swali moja mara thelathini kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Mimi nalipwa, na asubuhi narudi kwangu. Kwa mke au mume wa mgonjwa hakuna zamu. Na kinachowaumiza zaidi si kazi, wananiambia wenyewe tukiwa jikoni: ni kuwa mgeni machoni pa mtu uliyelala naye miaka hamsini.

Tyrus Wong aliiacha kazi yake ya sanaa akamtunza mkewe. Miaka 15. Alikuwa na miaka kama 70 alipoanza, na alikuwa na 84 Ruth alipofariki mwaka 1995. Mchoraji, tena wa kiwango kile, akaweka brashi chini miaka 15.

Ukisoma habari zake, sehemu hii huwa ni sentensi moja. Filamu ina kurasa, tiara zina kurasa, Ruth ana sentensi. Mimi ningependa iwe kinyume. Na nawaomba radhi baba zangu na kaka zangu mlioko hapa, lakini nitalisema: katika jumuiya yetu mama akiugua, kazi inamwangukia binti, au mke wa mtoto, au tunapiga simu nyumbani kutafuta msichana. Wanaume wengi tunaowaheshimu hawajui dawa ya mke wao inanywewa saa ngapi. Huyu alikuwa mwanamume wa karne iliyopita, kutoka nchi yenye mila nzito za ubabe kama zetu au zaidi, na mkono uliochora msitu ule ndio aliomtunza nao mkewe. Hakuna aliyempa tuzo kwa hilo. Tuzo zilipokuja zilikuja kwa ajili ya mengine: mwaka 2001 Disney ile iliyomwachisha ilimpa heshima yake ya juu, miaka 60 imepita, mwaka 2013, akiwa na miaka 102, ikafanyika San Francisco maonyesho makubwa ya kazi zake, mjini palepale ambapo ghuba yake ilimpokea kwa vitanda vya chuma.

Baada ya Ruth alirudi kwenye brashi polepole, na ufukweni na tiara zake, mabinti wakimsaidia kubeba. Alifariki nyumbani tarehe 30 Desemba 2016. Niliposoma tarehe hiyo nikairudia mara mbili, nikafungua daftari langu kuhakikisha. Alishuka Angel Island tarehe 30 Desemba 1920. Miaka 96, siku kwa siku.

Jambo moja la mwisho kwa wazazi. Watoto wa karatasi wengi hawakuwahi kuwaambia watoto wao ukweli. Waliogopa, na walikuwa na sababu. Hata serikali ilipowataka waje wakiri, kuanzia 1956, wengi walihofia kukiri ni kujitia kitanzi. Kwa hiyo kuna watu waliozikwa kwa majina ya kukodi, na wajukuu waliojua ukoo wao halisi baada ya matanga. Tyrus Wong alisimulia. Uzeeni alisimulia kisiwa, alisimulia kilio, alisimulia maji na gazeti, na ndiyo maana mimi mwanamke wa Tanga ninaweza kusimama hapa nikamjua baba yake. Sisi tunawaficha watoto wetu mambo mengi kwa jina la kuwalinda. Binti yangu alikuwa na miaka 19 aliponiuliza kwa nini nilimwacha. Nilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, nikawa nasubiri akue. Alikuwa amekua zamani, mwenye kuogopa ni mimi. Tuliongea mpaka alfajiri, na kesho yake nilikwenda kazini bila usingizi, na sijawahi kwenda kazini mwepesi kama siku ile.

Nimemaliza, wazee wangu. Mwenyekiti ameniruhusu nitumie ile meza ndefu pale nje kabla chakula hakijaletwa. Nimetandaza magazeti, nimeweka mabakuli ya maji, na brashi zipo ishirini na nne. Watoto watangulie. Kila mtoto akae na mzazi wake, au bibi, au babu, amwulize jina la mama wa mama yake, na jina la kijiji alichotoka, aliandike. Likikauka, amwulize jingine.